Nyumba Isiyozima Mashine

Ndugu zangu, na ninyi wajukuu mnaosoma kwa kuruka mistari, kaeni nisimulie habari ya nyumba moja ya waokaji mikate.

Asubuhi ukipita nyuma ya nyumba hiyo ungesema amani ilizaliwa pale. Uani kulikuwa na tanuri la matofali, jeusi mdomoni kama chungu cha zamani, na mbele yake chumba cha kazi chenye meza ndefu. Mwokaji alisimama upande mmoja wa meza, mama yake upande wa pili. Walikata madonge ya unga, wakayaviringa na kuyalaza kwenye mabati. Mama alianzisha wimbo wa kanisani, mwanawe akaitikia kwa sauti nene, na mke wa mwokaji akapita katikati yao akipaka mabati mafuta. Binti yao mdogo, aliyekuwa likizo, alikaa kizingitini akipiga viatu vyake rangi. Harufu ya mkate ilikuwa imeshatoka nje, inagonga milango ya watu.

Mwokaji akageuka kuchukua kisu. Kiwiko chake kikagonga bati, bati likaanguka sakafuni kwa kishindo, madonge yakatawanyika.

"Nisameheni," binti akasema kule mlangoni, brashi ya viatu mkononi. "Ni mimi."

Wimbo ukakatika. Kisha wote wakacheka.

"Wewe mwenzangu," bibi yake akamwambia huku akifuta machozi ya kicheko, "umelifikiaje bati kutoka huko? Una mikono ya mpira?"

"Mwache, mama," mwokaji akasema. "Maji hufuata mkondo. Hajamwona mama yake?"

Wakacheka tena, na wimbo ukaendelea. Lakini mama wa mtoto hakucheka. Alisimama na kitambaa chake cha mafuta mkononi, akimwangalia binti yake anavyookota madonge ambayo hakuyaangusha, na moyo ukamwuma kama jipu lililoguswa.

Mtaani walimwita Samahani. Jina lake la ubatizo lilikuwa limesahaulika, hata mumewe alilikumbuka kanisani tu. Mvua ikilowesha nguo kambani, alisema samahani. Umeme ukikatika, samahani. Siku moja muuza kuni alimkanyaga mguu mbele ya duka, na aliyeomba radhi ni yeye aliyekanyagwa. Watu wakalifanya kichekesho, naye akacheka nao, maana mtu akichekwa peke yake hupata baridi.

Hakuzaliwa hivyo. Jina hilo lilitoka kwenye mashine.

Katika kona ya chumba cha kazi ilisimama mashine ya kukandia unga, nzito, yenye beseni kubwa la chuma na mkono wa chuma uliozunguka ndani yake. Aliinunua marehemu baba mkwe ikiwa tayari imeshazeeka. Ilikuwa na tabia moja: ukiizima katikati ya kazi, unga ukiwa ndani, kuiwasha tena ilikuwa shida. Ilinguruma, ikatetemeka, ikakataa, na unga ukaharibika. Kwa hiyo mzee akaweka sheria ya nyumba: mashine haizimwi mpaka unga ukamilike. Na kwa kuwa unga huganda kwenye kuta za beseni, mtu alishika kipande cha plastiki akaingiza mkono na kuukwangua, mkono wa chuma ukiendelea kuzunguka. Waliingiza mkono chuma kilipopita, wakautoa kabla hakijarudi. Mzee alifanya hivyo, akamfundisha mkewe, mkewe akawafundisha wanawe. Ikawa ndiyo ustadi wa nyumba. Walijisifu nao.

Mwokaji alikuwa na mdogo wake ambaye watu walimwita Kinanda, kwa sababu ndiye aliyekuwa akipiga kinanda cha kwaya. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, na pale kwenye beseni hakuna aliyemfikia kwa wepesi. Siku moja, mchana kweupe, alikuwa akikwangua, mama yake akimhimiza kwa sababu wateja walishapanga mstari. Samahani, aliyekuwa bado bibi harusi mgeni ndani ya nyumba, alitokea mlangoni na birika.

"Shemeji, chai tayari," akasema.

Kinanda akageuza kichwa. Mkono haukugeuka. Vidole viwili vilibaki mle ndani, na kinanda cha kwaya kikafunikwa kitambaa mpaka leo.

Msiba wa namna hiyo unataka mwenyewe. Nyumba nzima ilikuwa inatetemeka, inatafuta pa kuuweka, na mgeni alikuwa amesimama pale pale na birika lake. "Chai gani isiyoweza kusubiri?" mama mkwe akauliza siku ile. Akauliza tena kesho yake. Akauliza kwa majirani, akauliza kanisani, mpaka likaacha kuwa swali. Ikawa ndiyo habari yenyewe: mke wa mwokaji alimwita shemeji yake, ndiyo maana shemeji hana vidole. Kinanda mwenyewe hakusema ndiyo wala siyo. Alihamia kwenye benchi la barazani, mkono mfukoni, akakaa hapo miaka.

Na Samahani akakubali. Ukiambiwa jambo kila siku, mwishowe unaliitikia kama jina lako. Alimpelekea Kinanda chakula akiwa ameinamisha uso. Kila ibada ya toba aliitubu ile chai. Alianza kuomba radhi kwa mambo madogo ili asiulizwe yale makubwa, kama mtu anayelipiga teke jiwe dogo ili asilione jabali.

Sasa msomaji, ngoja kidogo. Unadhani baada ya kijana kukatika vidole, walibadilisha namna ya kusafisha ile mashine? Hawakubadilisha. Wabadilishe nini na mkosaji ameshapatikana? Mkosaji alikuwa ni chai. Basi wakakataza mtu yeyote kuita watu chai wakati wa kazi, na mikono ikaendelea kuingia kwenye beseni.

Mchana ule wa lile bati, Samahani alichukua kiatu cha binti yake kilichochomoka soli, akaenda kwa Mama Soli. Huyu alikuwa mshona viatu mwenye kibanda karibu na kituo cha maji, na pia alikuwa mwinjilisti wa kanisa lao. Maneno yake yalikuwa kama sindano yake: yanaingia upande huu, yanatokea upande ule.

"Umekuja na kiatu, au umekuja na ile dhambi yako?" Mama Soli akamwuliza hata kabla hajaketi.

"Vyote viwili."

"Ile ile ya chai?"

"Ile ile."

Mama Soli akaupitisha uzi kwenye nta. "Dada yangu, kumwita mtu anywe chai kumekatazwa wapi? Nionyeshe nami niache, maana mimi huita watu chai kila siku, na wengine hawaji."

Samahani alitaka kucheka, kilio kikatangulia. Akamweleza habari ya bati na mtoto. Mama Soli akaweka kiatu chini. Uso wake ukabadilika.

"Hapo sasa umesema neno," akasema. "Sikia. Kila mara unakuja kanisani unapiga magoti, unasamehewa, unatoka. Ukifika nyumbani unaokota mzigo ule ule mlangoni, unaujitwika tena. Kristo alipokwenda msalabani alikusahau wewe? Au unamsaidia kidogo, asichoke?"

"Kwa hiyo mimi sina kosa?"

"Sijasema huna. Nani asiye nalo? Mimi ninalo gunia zima. Nimesema hilo unaloleta siyo lako, umepewa. Hujawahi kuifikiria siku ile kwa kichwa chako mwenyewe, unaifikiria kwa mdomo wa mama mkwe. Nenda kaifikirie upya. Ukilikuta lililo lako, lishike, litubu, lirekebishe. Lisilo lako liweke chini."

"Watakasirika."

"Wakasirike. Hasira ya watu siyo hukumu ya Mungu." Akakiokota kiatu. "Na uache kuniomba radhi kwa kunichelewesha, naona mdomo wako umeshajiandaa."

Samahani alirudi nyumbani polepole, kiatu kwapani. Njiani akafanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku ile. Aliitazama. Siyo kama ilivyosimuliwa. Kama alivyoiona kwa macho yake. Akaona mlango. Akaona birika, na mvuke. Akasikia mama mkwe akisema haraka, haraka. Akaona mkono wa chuma unazunguka, na swichi ukutani, nyekundu, pale pale ilipo hadi leo, hakuna aliyeigusa. Akaona kwamba hata asingeita, ndege angelia, au mteja angegonga, au shemeji angepiga chafya. Siku yoyote. Mtu yeyote.

Halafu, akiwa amesimama kando ya njia na watu wanampita, akaliona la kwake. Tangu alipoingia nyumba ile, kila mkono ulipozama kwenye beseni, pumzi yake ilikatika. Alijua. Mgeni huona kigae kilicholegea ambacho wenyeji wameshazoea kukiruka. Na hakusema kitu, kwa kuogopa kuambiwa anajifanya mjuaji. Baada ya ajali ndiyo kabisa alifunga mdomo. Na amemlea binti yake kando ya mashine hiyo hiyo, akamfundisha neno moja tu la kujitetea nalo, na neno lenyewe ni nisameheni.

Hakusubiri kufika kanisani. Aliegemea ukuta wa mtu asiyemjua, akaomba. "Bwana, ile chai siileti tena. Leo nakuletea kunyamaza kwangu. Hilo ni langu. Nisamehe, unipe na mdomo."

Alipofumbua macho hakuona malaika. Aliona mbuzi anamtazama. Lakini mabegani alijisikia mtu mwingine, na hatua zake za kurudi nyumbani zilikuwa ndefu.

Nawaambia ukweli, fikra haigeuki kama chapati kikaangoni, mara moja upande wa pili. Jioni ile chumvi ilipozidi kwenye mchuzi alioupika mama mkwe, alijikuta ameshasema samahani. Akajing'ata ulimi. Akaanza upya.

Siku iliyofuata shule ya bweni iliagiza mikate mingi ya mahafali. Nyumba ikawa mbiombio. Mwokaji alikuwa tanurini, jasho linamtiririka. Mama mkwe alikuwa kwenye mashine, lakini kiuno kilimkaba, hawezi tena kuinama juu ya beseni. Akatazama huku na huku, akamwona mjukuu wake.

"Njoo mwenzangu," akamwita kwa upendo, maana alimpenda kweli. "Leo nakufundisha kazi ya nyumba hii. Una mkono mdogo, wewe utapita vizuri kuliko sisi wote. Shika hiki. Chuma kikipita, unaingiza. Unakwangua, unatoa. Ni kama kucheza kamba."

"Sawa bibi," mtoto akasema, akapanda juu ya kreti.

Samahani aliingia na mzigo wa kuni. Aliuona mkono wa binti yake juu ya beseni, kipande cha plastiki kikisubiri zamu. Kuni zikaanguka. Hakuita, maana alijua mwito ulifanya nini mara ya kwanza. Alivuka chumba, akafika ukutani, akaivuta chini ile swichi nyekundu.

Mashine ikapunguza mwendo, ikakoroma, ikasimama. Kikaja kimya ambacho chumba kile hakikukijua. Hata moto wa tanurini ulisikika.

"Nani amezima?" mama mkwe akauliza.

Kila mtu alijua neno litakalofuata. Hata kuku wa uani walilijua.

"Mimi," Samahani akasema. Basi. Hakuongeza.

"Una wazimu? Unga uko ndani. Unajua mashine ikilala haiamki."

"Najua, mama. Shuka, mwanangu." Mtoto akashuka kwenye kreti. "Kuanzia leo mashine hii haikwanguliwi ikiwa inazunguka. Siyo na mtoto, siyo na mtu mzima."

Mama mkwe akajishika kiuno. "Jamani sikieni. Aliyemkata mwanangu vidole ndiye anayetupa mafunzo ya mashine."

Neno hilo lilikuwa limemwangusha Samahani miaka yote. Lilikuja na nguvu zake zile zile. Mkono wake ukabaki juu ya swichi.

"Mama," akasema, "mimi nilimwita shemeji chai. Hilo nililifanya, na halijawahi kumkata mtu kidole. Vidole vilikatwa na mashine iliyoachwa inazunguka. Kosa langu ni kwamba niliona hatari nikanyamaza, na hilo nimemwambia Mungu. La kumkata vidole nalirudisha. Sikulileta nyumba hii."

"Unalirudisha kwa nani?" Mama mkwe sauti yake ikapanda, na ndani yake kulikuwa na kitu kama kilio. "Kwa nani? Kwangu mimi? Unasema ni mimi niliyemwambia afanye haraka?"

Hapo ndipo Samahani alipomwona mama yule kwa mara ya kwanza. Aliona mwanamke aliyekuwa amesimama hatua moja kutoka kwa mwanawe siku ile, aliyehitaji mtu wa kubeba, kwa sababu asipobeba mwingine angebeba yeye, na asingeweza.

"Sijasema ni wewe, mama. Nikikutwika wewe nitakuwa nimehamisha tu gunia kutoka kichwa hiki kwenda kile. Mimi sitaki mtu. Nataka izimwe."

Mwokaji aliingia kutoka tanurini, uso mwekundu kwa joto. "Kuna nini huku? Shule inasubiri mikate."

"Muulize mkeo, ameota mapembe," mama yake akasema.

"Mke wangu, washa mashine."

"Siwashi."

"Mwombe mama radhi, halafu uwashe. Yaishe."

"Nimeomba radhi tangu uliponioa. Leo nimekosa nini? Niambie nimekosea wapi, niombe."

Mwokaji alimsogelea, akaushika mkono wake uliokuwa juu ya swichi, akaanza kuubandua kidole kimoja kimoja. Hakumwumiza. Lakini alikuwa anaubandua.

"Baba, nisamehe," mtoto akasema kando ya kreti, machozi yakimlenga. "Ni mimi."

Samahani akageuza uso wake wote kwa binti yake. "Siyo wewe. Sema: siyo mimi."

Mtoto akamtazama bibi yake.

"Sema, mwanangu. Neno jepesi."

"Siyo mimi," mtoto akanong'ona.

"Haya. Hata mimi siyo."

"Kaka," ikasema sauti ya mlangoni, "mwachie mkono."

Wote wakageuka. Kinanda alikuwa ameacha benchi lake. Alisimama pale aliposimama shemeji yake siku ile ya birika, na mkono wake ulikuwa nje ya mfuko. Wengi wa nyumba ile walikuwa hawajauona kwa muda mrefu.

"Sikuzima," akasema. "Nilimsikia akiniita, nikasema moyoni, ngoja nimjibu huku nakwangua, mimi si ndiye mwepesi. Swichi ilikuwa upande wa mkono wangu wa kushoto. Ningeizima. Sote tunajua ilipo."

"Miaka yote hii," mama yake akasema taratibu, "ulikuwa unajua hivyo, ukanyamaza?"

"Nilipata mtu wa kumlaumu, mama, nikaona ni nafuu. Ukiwa na wa kumlaumu huna haja ya kuamka asubuhi ukajiuliza utafanya nini na vidole vilivyobaki." Akamtazama shemeji yake, akashindwa, akatazama sakafu. "Nafuu yenyewe imenikalisha barazani kama gunia la makapi. Leo nimemwona mtoto pale juu kupitia dirishani, na miguu yangu haikusimama. Mwili umezoea kukaa. Wewe ndiye uliyefika."

Mwokaji akauachia mkono wa mkewe. Akakaa juu ya mfuko wa unga, akajishika kichwa.

Mtoto akarudi juu ya kreti, akakwangua beseni mashine ikiwa imesimama, akautoa mkono na vidole vyake vyote. Ndipo Samahani mwenyewe akainua swichi. Mashine ikanguruma. Ikatetemeka. Ikatoa harufu ya kuungua, ikakataa.

"Si nilisema," mama mkwe akasema. "Imelala."

"Ilale," Samahani akasema, akikunja mikono ya blauzi. "Ilikuwako mikate kabla yake. Osheni mikono."

Waliupakua unga wote ule juu ya meza ndefu, wakaukanda kwa mikono. Mwokaji alikanda, Samahani akakanda, mtoto akapewa donge lake. Kinanda alisimama muda mrefu akiangalia meza. Halafu akanawa, akaingiza ule mkono wake kwenye unga, akausukuma kwa kiganja. Mama yake aliuangalia ule mkono unavyofanya kazi, akatoka uani, akakaa huko peke yake, na walimsikia akilia. Hakuna aliyemfuata kumwambia ni kosa la nani.

Mikate ilichelewa, lazima niseme. Watoto wa shule waliimba nyimbo zote za mahafali na kuzirudia kabla haijafika. Mpishi wa shule alikuja juu getini. Mwokaji alifungua mdomo kumtaja mkewe, kama ilivyokuwa desturi. Akaufunga.

"Mimi ndiye mwokaji," akasema. "Nimechelewa mimi. Nigombeze mimi."

Wakamwita fundi kuitazama mashine. Akafungua kifuniko cha nyuma, akaingiza tochi, akatoka na mkanda wa mpira uliolegea kama kamba ya nguo. Akasema ndio uliokuwa unaizuia kuwaka ikiwa na mzigo, akafunga mwingine, akaizima na kuiwasha unga ukiwa ndani mara nyingi kadiri walivyotaka. Walisimama wote wakiangalia ule mkanda sakafuni. Kinanda aliutazama, kisha akautazama mkono wake. Mkanda. Sheria ya nyumba nzima, na sifa yao, na vidole vya kijana, vyote vilining'inia kwenye mkanda ambao hakuna aliyefungua kifuniko kuutazama, kwa sababu walikuwa na mtu wa kumtazama.

Mngependa niwaambie kwamba mama mkwe alimkumbatia mkwewe. Hakumkumbatia. Kwa muda mrefu alimsalimia kwa nusu mdomo, na kanisani akawaambia wenzake kwamba dunia imeharibika, wakwe wanazima mashine. Wenzake wakamletea Samahani maneno. Samahani aliyasikiliza, akayaacha hapo hapo yalipowekwa. Alimpikia mama mkwe, akamsugua kiuno kwa mafuta ya moto, akamheshimu. Kilichobadilika ni kwamba hakuinama tena ili apigwe vizuri.

Mpaka ikafika asubuhi moja ya kawaida. Mama mkwe alisimama kwenye mashine, kipande cha plastiki mkononi, chuma kinazunguka, unga umeganda kwenye kuta za beseni. Mkono ukanyanyuka kwa mazoea ya miaka. Ukabaki hewani.

"Nani yuko karibu na ukuta?" akaita bila kugeuka. "Zima hapo, nataka kukwangua."

Samahani akazima.

FUNZO

Wapendwa, mmeiona nyumba hiyo. Lawama haijawahi kuzima mashine hata moja. Tunapomkamata mtu tukasema ni huyu, tunapumua, tunakwenda kulala, na kile kilichomkata mwenzetu kinaendelea kuzunguka kikimngoja mtoto.

Desturi hii haikuanza kwa waokaji. Pale bustanini Mungu alipouliza, mwanamume alimtupia mkewe, mke akamtupia nyoka, na kati yao hakuna hata mmoja aliyejibu, Bwana, ni mimi. Mnadhani wangelijibu hivyo wangekosa huruma? Mungu hajawahi kumfukuza aliyekuja na kosa lake mwenyewe mkononi.

Kwa hiyo wewe unayelaumu, kaifungue mashine kwanza. Na wewe uliyekalia benchi kwa sababu kuna mtu unayemlaumu, huenda una haki kabisa, lakini benchi ni lako na miaka inayopita ni yako.

Lakini hasa naandika kwa ajili yako wewe unayelaumiwa. Usikubali haraka, na usikane haraka. Ipeleke siku ile mbele za Mungu uitazame kwa macho yako uliyopewa. Likiwemo la kwako, litoe, ulie, urekebishe, usamehewe, uondoke. Lisilo la kwako usilibebe kwa kisingizio cha unyenyekevu. Unyenyekevu ni kusema kweli hata ikikuuma. Kukubali uongo ili watu watulie ni woga, na woga watoto wetu wanaurithi wakiwa bado mgongoni. Usingoje watu wabadilike ndipo moyo wako upone. Wengine hawatabadilika. Geuza fikra zako wewe. Kesho zitataka kurudi kule kwenye mazoea, nawe zigeuze tena, na keshokutwa tena, kwa maombi na kwa ubishi, maana kuna ubishi ambao Mungu anaupenda.

Damu ya msalaba ilimwagika ikatosha. Hakuna aliyekuumba uwe jalala la makosa ya nyumba nzima. Inuka hapo, unyooshe mgongo, ukafanye kazi yako.